Moshi Usogee, Uso Utulie

Kazi yangu, nikiulizwa kwa haraka, ni kuzisogeza picha. Mteja ananitumia wazo kwa WhatsApp, naligeuza kuwa picha kwa programu ya akili unde, halafu ile picha naipeleka kwa programu nyingine inayoipa uhai wa sekunde tano au kumi hivi. Kinyozi wa Umoja anataka simba akinyolewa kisha ajiangalie kwa kioo, aridhike. Kanisa moja la Kasarani linataka bahari ikigawanyika. Msanii anayeanza, ambaye hana pesa ya kukodi kamera wala taa, anataka aonekane juu ya paa la KICC huku mvua ikinyesha kuelekea mbinguni. Nalipwa kwa M-Pesa, nalipa stima na intaneti, maisha yanasonga.

Watu hudhani ugumu uko kwenye picha. Siku hizi hata mtoto wa darasa la sita atakutolea picha safi. Ugumu uko kwenye mwendo. Simba akitoka vizuri kabisa kwenye picha tuli, ukimwambia ageuke anaota mguu wa tano, au mashine ya kunyolea inayeyuka kwenye mkono wa kinyozi kama mshumaa.

Ngoja nikueleze kinachoendelea mle ndani, kwa sababu jambo ninalotaka kusimulia halieleweki bila hilo. Programu za aina hii zimefunzwa kwa video nyingi mno, mpaka zikashika mazoea ya dunia: maji huteremka, nywele hupepea, mtu akigeuza shingo bega nalo hufuata kidogo. Ukiipa picha yako moja, inaichukua kuwa fremu ya kwanza. Fremu zinazofuata huanza zikiwa chengachenga tupu, kama tivii ya zamani iliyokosa mawimbi, kisha programu inazisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na kitu ambacho kingeweza kufuata. Kingeweza, basi. Mashine haijui kilichofuata. Inakisia kile ambacho kwa kawaida hufuata. Ukimwagiza mtu aliye kwenye picha ageuke, kisogo chake kinabuniwa papo hapo, maana picha haikuwa na kisogo.

Mambo haya yamekuja mbio. Mwaka 2021 kampuni ya MyHeritage ilitoa huduma ya kuzipa picha za zamani uhai, na watu duniani kote wakaanza kuwapakia babu zao. Babu alipepesa macho, akageuza kichwa, akatabasamu. Ila ile miendo ilikuwa imeandaliwa mapema, seti chache tu, kisha inabandikwa juu ya uso wowote utakaoleta. Babu yako na babu wa mtu wa Poland wangeweza kugeuka sawasawa. Novemba 2023 kampuni ya Stability AI ikatoa Stable Video Diffusion, iliyokuwa ikitoa fremu 14 au 25 kutoka kwa picha moja. Sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hivyo fremu 25 ni sekunde moja na nukta. Kufikia Juni 2025, Midjourney, ambayo wengi tuliijua kwa picha tuli, ilikuwa inatoa klipu za sekunde tano ambazo unaweza kuzirefusha hadi kama sekunde 21. Kutoka sekunde moja hadi 21, chini ya miaka miwili.

Kabla ya hapo, kusogeza mchoro ilikuwa kazi ya jasho. Kama ulikuwa na mdogo wako nyumbani mwaka 2010, utakumbuka Tinga Tinga Tales, katuni iliyotengenezwa hapa Nairobi kwa mtindo wa michoro iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Michoro ile ilikuwa ya ukutani, imetulia tuli. Ili mnyama mmoja avuke skrini, ilibidi mtu aketi aamue: huyu anatembeaje? Anachechemea? Ana maringo? Kila mwendo ulikuwa na mwenyewe, na ungeweza kumtafuta ofisini kwake ukamuuliza kwa nini.

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo hadi mama aliponiletea kazi.

Mamangu huniita maitu. Kwa Kikuyu ni "mama yangu". Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo mimi ndiye shosho aliyerudi. Nimeitwa hivyo tangu nizaliwe na sijawahi kumwona huyo mtu ninayembeba. Alifariki Kinangop mwaka 1974, akiwa na miaka kama 36, na hakuacha picha hata moja. Mjomba, kifungua mimba, alikuwa na miaka 17. Mama alikuwa na 9. Anti, kitinda mimba, alikuwa na 2.

"Maitu," mama akaniambia siku moja mwaka jana, baada ya kuona video ya kinyozi, "kama unaweza kumnyoa simba, huwezi kunitolea mama yangu?"

Wakakutana wote watatu kwa mama, Kahawa West, Jumapili baada ya kanisa. Laptopu ikawekwa katikati ya vikombe vya chai. Niliandika maelezo ya kwanza jinsi walivyoyasema: mwanamke wa Kinangop, mkulima, miaka ya sabini. Mashine ikatuletea ajuza mwenye makunyanzi, shanga shingoni hadi kifuani, jua la dhahabu likimwangaza kutoka nyuma.

"Huyo ni wa kalenda ya watalii," mjomba akasema.

Hizi programu ndivyo zilivyo. Zikisikia Afrika na kijiji na zamani, zinaleta shanga na vumbi na uzee. Kinangop ni baridi na ukungu. Huko watu wanavaa sweta na gambuti, na shosho alikuwa anachuma pareto, maua meupe madogo yenye kitovu cha manjano, kwenye shamba ambalo mumewe alipata baada ya uhuru. Na hakuwahi kuzeeka. Hilo lilinigonga pale pale mezani. Mwanamke tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa amenizidi miaka mitatu tu. Maisha yangu yote nilikuwa namfikiria kama mzee, kwa sababu neno shosho linazeesha.

Tukaanza upya. Pua hapana. Paji la uso liwe pana. Kitambaa kifungwe nyuma, mama akasema. Mbele, mjomba akasema, nyuma ilikuwa ya kwenda kanisani. Sweta ilikuwa ya kijani. Sweta ilikuwa ya kahawia, ya baba, na ilikuwa na kiraka kwa mkono wa kulia. Kiraka cha nini? Cheche, mjomba akajibu, alikuwa akipiga magoti kupuliza moto na cheche zinaruka. Mama akashika kikombe bila kunywa. "Alikuwa anafunga jicho la kushoto," akasema. "Akipuliza. Na moshi anaufagia hivi, kwa nyuma ya mkono." Mjomba akaitikia kwa kichwa. Miaka hamsini, na naamini walikuwa hawajawahi kuambiana hayo.

Kwa uso tulikwama, hadi mjomba aliponinyoshea kidole. "Si tuna huyu. Paji lake na macho, ni yale." Basi nikajipiga picha pale kwenye kochi, nikaiingiza kama mfano wa kufuatwa. Tulipita picha kama arobaini. Giza lilikuwa limeingia mama alipogusa skrini.

"Ni kama yeye," akasema. "Si yeye. Lakini ni kama yeye."

Anti alikuwa hajasema neno mchana kutwa. Angesema nini? Hakuwa na pua ya kukataa wala sweta ya kukumbuka. Sasa akavuta kiti karibu. "Mfanye asonge," akasema.

Ni kazi ya dakika tatu. Nikaipeleka picha, nikabonyeza, tukasubiri. Ikarudi: ukungu unapita taratibu, upepo unainua ncha ya kitambaa, shosho anainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, anatuangalia moja kwa moja, anatabasamu kwa meno yote.

Anti akalia. "Irudie," akasema. Nikairudia. "Tena." Mjomba akasimama, akasema anaenda kuangalia gari kama limefungwa. Mama alibaki ameitazama skrini, uso umekaza.

"Hakuwa anacheka hivyo," akasema. "Alikuwa na pengo. Akicheka anaziba mdomo."

Nikajaribu kumzibisha mdomo. Nilijaribu usiku ule na kesho yake na kesho kutwa. Mkono ulikuja na vidole sita. Mkono ulizama ndani ya shavu. Mara moja alionekana anakohoa, mara nyingine anarusha busu kama binti wa matangazo ya sabuni. Mikono inazisumbua programu hizi kwa sababu vidole vinafichana, vinakunjana, na kila kimoja kina njia zake. Lakini nadhani kulikuwa na sababu nyingine pia. Dunia imejaa video za watu wakitabasamu mbele ya kamera. Mwanamke anayeficha kicheko chake, nani alimrekodi? Mashine inaleta kilicho kingi, na shosho alikuwa mchache.

Klipu moja tu ilitoka fiti. Mkono ulipanda vizuri, vidole vitano, mabega yakatikisika kwa kicheko. Nilipoitazama usiku peke yangu nilishtuka. Juu ya ule mkono kulikuwa na macho yangu. Nilikuwa najiona mimi nikicheka kicheko ambacho sijawahi kucheka. Sikuwatumia.

Ile ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye simu zao. Wiki kadhaa baadaye nilimpata mama sebuleni na rafiki yake wa chama, anamsimulia. "Alikuwa akisimama pale shambani," anasema, "upepo unamchukua kitambaa, anainamisha kichwa hivi." Akainamisha kichwa. Upande wa kulia.

Mimi nimekulia kwenye hadithi za shosho. Najua ya ng'ombe aliyepotea, najua ya mvua ya mawe, najua ya siku aliyotembea hadi Njabini na mtoto mgonjwa mgongoni. Hakukuwa na kichwa kilichoinama katika hata moja. Ule mwendo najua ulikotoka. Uko kwenye sekunde ya tatu.

Nikampigia mjomba. "Anko, shosho alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa?"

Akanyamaza sana, nikadhani laini imekatika. "Sijui," akasema. "Ungeniuliza kabla ya ile video, ningekujibu. Sasa nikifunga macho namwona akikiinamisha."

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya vitu viwili ninavyouza kila siku kana kwamba ni kimoja. Picha tuli unaweza kubishana nayo. Inakungoja. Unaiambia pua hapana, na yenyewe imekaa tu. Jumapili ile picha zote arobaini zilikuwa za uongo, na uongo wao ulituletea ukweli: kiraka, cheche, jicho la kushoto. Kila kosa la mashine lilimlazimu mtu fulani mezani akumbuke. Video haikungoji. Inapita kabla hujafungua mdomo, halafu unairudia, na kila ukiirudia unaizoea zaidi. Mwendo ndio tunaotambuana nao. Mtu wako utamjua kutoka mbali, usiku, kwa jinsi anavyotembea tu, kabla hujaona uso. Sasa ukiweka mwendo wa kubuniwa mahali pale, kumbukumbu haina nguvu ya kuukataa, hasa kumbukumbu ya mtoto wa miaka 9 iliyokaa nusu karne bila kitu cha kushikilia.

Mama akataka ifutwe kwa kila simu. Anti akakataa. Walizozana kwa simu na mimi nikiwa katikati, na nitakuandikia jibu la anti jinsi alivyolisema, kwa sababu sijapata la kulijibu hadi leo: "Nyinyi mlikuwa na mama. Mimi nina sekunde tano."

Utasema nini hapo? Kwa mama ile klipu ilikuwa inafuta kitu. Kwa anti hapakuwa na kitu cha kufutwa. Alikuwa amekaa miaka hamsini na moja akiwasikiliza wenzake wakigawana mtu ambaye yeye hakupewa hata kipande.

Nilichofanya kilianza na daftari. Nilimketisha mama siku yake na mjomba siku yake, kila mmoja peke yake, nikawauliza swali moja tu. Nikawaambia wasinielezee alivyofanana, wanielezee alivyosogea. Kisha nikaweka alama kwenye yale ambayo wote wawili walisema bila kusikizana. Orodha ilikuwa fupi. Alipiga magoti kupuliza moto. Alifunga jicho la kushoto. Aliufagia moshi kwa nyuma ya mkono. Aliziba mdomo akicheka. Alitembea mbele ya watoto, kwa kasi, bila kugeuka.

Halafu nikaangalia ni yapi kati ya hayo mashine inaweza kuyafanya bila kuongeza ya kwake. Mikono ikatoka. Jicho likatoka, maana jicho linahitaji uso. Kutembea kukatoka, kwa sababu sikujua hatua yake na nilijua mashine ingempa ya mtu mwingine. Ukabaki moto.

Nikatengeneza picha mpya. Mwanamke amepiga magoti, tunamwona kwa nyuma: sweta ya kahawia, kiraka mkono wa kulia, mawe matatu, sufuria, ukuta uliopakwa masizi. Kuna programu zinazokuruhusu kupaka rangi juu ya sehemu unayotaka isogee, kila kitu kingine kibaki kilivyo. Nikapaka moshi. Nikapaka mwali. Nikaandika kamera isisogee hata kidogo. Kitambaa sikukigusa, kwa sababu ule upepo haukuwa na shahidi. Nilipata sekunde nane ambazo moto unawaka, moshi unapanda na kujikunja chini ya paa, na yeye ametulia, amewapa mgongo.

Uso nao niliupeleka studio tauni ukachapishwa kwa karatasi, ukatiwa fremu. Uko ukutani kwa mama, juu ya tivii. Hausogei.

Nilipompelekea mama ile ya moto, aliitazama hadi mwisho, akaitazama tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiogopa kupumua.

"Moshi unaenda upande usio wake," akasema. "Ulikuwa unakuja kwetu, watoto. Ndiyo maana alikuwa anaufagia."

Nilifurahi kuliko angesema ni nzuri. Alikuwa amerudi kubishana. Nikakaa chini pale pale, nikaugeuza moshi.

Anti nilimtumia zote mbili. Ile ya tabasamu nayo nilimwachia, kwa sababu si mimi wa kuamua mtoto wa marehemu ashike nini. Niliongeza tu mstari chini yake: uso na mwendo huu umetengenezwa na mashine, 2025. Akanipigia kulalamika kwamba maandishi yanaziba sweta. Nikayapunguza ukubwa. Sikuyaondoa, naye hakuniomba tena.

Kazi za marehemu bado huja, na zimezidi, kwa sababu watu wameona kwa matanga ya wengine na wao wanataka. Wakija na picha ya kutengeneza, au hata picha halisi, nauliza kwanza: nani hapa alimwona akiwa hai, na alikuwa akisogeaje? Kama kuna mtu, tunaketi na daftari. Kama hakuna, nasogeza pazia, nasogeza miti, nasogeza mvuke wa chai mezani, na uso nauacha. Wengine wananiambia fundi mwingine atafanya bei ile ile na marehemu atabarikia watu kwa mkono. Ni kweli, atafanya. Nawaelekeza kwake. Pesa nimepoteza, na kuna miezi hilo linauma.

Jumapili iliyopita mama alinipigia, sauti imechangamka. "Maitu, na yule ng'ombe wetu je? Yule mwekundu, aliyepotea. Huyo hata akisonga vibaya hakuna shida."

Nikasikia mjomba nyuma yake, anaita kutoka kwa kochi.

"Mwekundu wapi? Alikuwa mweusi."